Kioo mwisho wa mtaa wa stesheni: jicho linagundua nini?

#1 TarumaLaMninga (Tanga)
Wakuu, salaam. Wiki ya tatu sasa nahangaika na jambo moja.

Najenga stesheni ya mfano kwa kipimo cha HO, 1 kwa 87. Ubao wangu una urefu wa mita 1.8 na upana wa sentimita 60, umeegemea ukuta wa chumba cha nyuma. Reli zina upana wa mili 12 kati yake. Reli yetu ya mita moja ukiigawa kwa 87 unapata mili 11.5, na hizo za mili 12 zinapatikana Ulaya kwa sababu Waswisi nao wana reli za mita moja. Mbele nina njia tatu na jukwaa. Nyuma ya jengo la stesheni kuna mtaa wa kwenda mjini: maduka pande zote mbili, mwembe, bajaji moja, mtu na mkokoteni. Mtaa una sentimita 28 basi, unagonga ukuta. Kwa kipimo chetu hiyo ni mita 24. Abiria akishuka na mizigo yake, hatua chache tu mji umemwishia.

Nimeweka kioo pale mwisho, upana sentimita 9, kimo 14. Mtaa ulirefuka mara mbili papo hapo, nilifurahi hadi nikamwita mke wangu. Lakini kila mgeni akitazama, sekunde mbili tu: "Ah, kile kioo." Naomba kujua, jicho linagundua nini? Nikikijua nitakirekebisha.

#2 BehewaLaTatu (Morogoro)
Picha, mkuu. Huku hatupigi ramli.

#3 TarumaLaMninga
Nimepandisha mbili. Ya kwanza nimepiga nimesimama, ya pili nimechuchumaa usawa wa barabara. Ninayoyaona mwenyewe ni haya: mtaa wa kiooni unapanda kama unaelekea mlimani, wakati mtaa wangu ni tambarare. Pia kuna kamstari pale barabara inapokutana na kioo. Na mpwa wangu wa miaka 6 aliposogea ubaoni alisema, "Mjomba, kuna jitu limechungulia mtaani kwako." Mimi nikisimama silioni hilo jitu.

#4 MamaPimaMaji (Arusha)
Kazi yangu ni kupima ardhi, kwa hiyo nimeanza na mlima. Kioo chako kimeinamia mbele, ukingo wa juu umekuja kwako. Kioo kikiinama digrii moja, kila kilicho ndani yake kinainama digrii mbili. Chukua hicho chako cha sentimita 14: kikiinama nusu digrii, ukingo wa juu umesogea mili 1.2 tu, hata kwa kidole huwezi kuhisi. Lakini barabara ya kiooni imepanda digrii nzima, na ikifika mwisho wa sentimita 28 zake imepanda karibu mili 5. Kwa watu wako wadogo hiyo ni sentimita 43, kimo cha ngazi mbili. Jicho linaona barabara imevunjika hata kama mtazamaji hawezi kusema imevunjika wapi.

Kingelalia nyuma, mtaa ungeteremka. Weka skwea ya seremala chini na ukingoni mwa kioo, kisha chomeka kadi ya vocha chini yake, moja moja, hadi barabara zinyooke. Usiamini pimamaji ndogo kwa kazi hii, na usiamini ukuta wa nyumba.

Kuhusu jitu, hilo ni rahisi. Wewe jicho lako liko juu ya ukingo wa kioo. Mtazamo wako unashuka, unagonga kioo, unaendelea kushuka hadi barabarani, ndiyo maana unaona mtaa. Mtoto jicho lake liko usawa wa kioo, mtazamo wake unaenda na kumrudia usoni.

#5 KiooChaMvita (Mombasa)
Dada #4 kasema kweli, lakini mlima si ugonjwa wenyewe. Ugonjwa ni hicho kamstari. Nakata vioo kwa riziki, nieleze kidogo.

Kioo cha kujitazama rangi yake ya fedha iko mgongoni. Mbele ni bilauri tupu, yaani ule unene unaopitisha mwanga. Kioo chako naona ni cha mili 3. Barabara yako inaishia kwenye uso wa bilauri, ila picha yake inaanzia nyuma ya fedha, na katikati panabaki pengo. Mwanga ukipita kwenye bilauri unapunguza unene unaoonekana, kwa hiyo hesabu yake haiwi mili 6, ni kama mili 4. Mili 4 kwa 87 ni sentimita 35. Yaani katikati ya mtaa wako kuna ufa ambao mtoto wa kiooni angetumbukia mguu. Tena ufa una rangi ya kijani, maana bilauri ya kawaida ina chuma kidogo ndani yake. Kioo kikiwa kinene zaidi, kijani kinazidi. Mtu wa kawaida hajui anaona kijani, lakini ndicho kinachomwambia "kioo."

#6 TarumaLaMninga
Kwa hiyo nitafute cha mili 2?

#7 KiooChaMvita
Cha mili 2 kitapunguza, hakitaondoa. Dawa kamili ni kioo chenye fedha usoni. Dukani huku hukipati, ila nenda kwa fundi wa mashine za fotokopi umwombe iliyokufa. Ndani ya fotokopi na skana kuna vioo virefu vyembamba vya aina hiyo. Jaribu kwa ncha ya kijiti cha kiberiti: kwenye kioo cha kawaida, kijiti na taswira yake havigusani. Kwenye hiki vinagusana ncha kwa ncha.

#8 Skrubu_Mlegevu (Dodoma)
Nyongeza na sahihisho dogo kwa #7. Nyingi kati ya hizo si fedha, ni alumini iliyopakwa nyembamba mno. Na kwa jina la Mungu msizifute kwa shati. Mimi niliokota kimoja kizuri, nikakihemea na kukifuta kwa pindo la fulana kama miwani. Kilijaa mikwaruzo, nikikiangalia nuru ya jua ikiingia dirishani naona kila mzunguko wa mkono wangu. Vumbi lipulize kwa kile kipulizio cha mpira, kisha uache.

Tatizo lingine ni upana. Vile vya skana ni vya sentimita moja au mbili. Kwa mtaa wenye kimo cha 14 havitoshi. Kwa chini ya daraja vinafaa sana.

#9 JuaLaUtosi (Dar es Salaam)
Naheshimu hoja zote, lakini mnatazama kioo badala ya kutazama taa. Angalieni picha ya kwanza. Taa ya mleta mada iko mbele, juu ya kichwa chake. Mwembe halisi kivuli chake kimelala kuelekea kwenye kioo. Mwembe wa kiooni kivuli chake kimelala kuja kwetu. Mtaa mmoja, jua mbili! Mwanadamu amekua chini ya jua moja tangu azaliwe, hilo haliwezi kumpita.

Hamisha taa iwe juu kabisa ya mstari wa kioo. Hapo vivuli vya pande zote vitalingana, kama saa sita mchana.

#10 BehewaLaTatu
Sasa nimeelewa kwa nini unaitwa JuaLaUtosi.

#11 MzeeStoka (Tabora)
Vijana wangu, hamjambo. Mimi nilichoma makaa kwenye garimoshi enzi za Reli ya Afrika Mashariki, hivyo picha yenu nimeitazama kwa jicho la njiani.

Mtaa mmeujadili, ila mbona hamwoni bajaji? Ya kweli inakwenda kioo kilipo, imeshika kushoto kama sheria inavyotaka. Ya kiooni inakuja, nayo iko kushoto kwetu, kwa hiyo yenyewe imeshika kulia. Zinakwenda kugongana uso kwa uso. Nilipoona hivyo nilishtuka, wala sikufikiria kioo. Niliona ajali.

Na ninakuomba mwanangu, usije ukaweka kioo mwisho wa reli. Treni mbili njia moja, moja inatoka na moja inaingia, kwa mtu wa reli ni kitu cha kutisha. Sisi dereva hakutoka stesheni bila kibali cha njia mkononi ili hicho kisitokee.

#12 TarumaLaMninga
Shikamoo mzee. Umenifungua macho, bajaji sikuiona kabisa. Je, kioo kikikaa sambamba na reli, ubavuni?

#13 MzeeStoka
Marahaba. Hapo hakuna ubaya. Treni ya kiooni itakwenda upande uleule na ya kweli, kama njia mbili zilizolala pamoja. Njia zako tatu zitaonekana sita, utakuwa na yadi ya heshima.

#14 DadaGundi (Nairobi)
Habari zenu. Nami nina kesi. Nina kijimtaa cha kipimo cha N, kidogo kuliko HO, nimekiwekea kioo miaka miwili sasa, na kilichonisumbua hakikuwa unene wala taa. Kilikuwa pacha. Mama yuleyule mwenye beseni la njano, mara mbili. Mbwa yuleyule, mara mbili. Jicho linapenda kulinganisha, likishapata jozi moja linazitafuta zote.

Nilichofanya: kila kitu kina ubavu unaoonekana moja kwa moja na ubavu unaoonekana kiooni tu. Nikapaka kila ubavu rangi yake. Matatu yangu mgongoni ni nyeupe, usoni ni samawati. Yule mama kwa nyuma ana leso nyekundu na beseni la njano. Kwa mbele leso ni ya kijani, na beseni nimeligawa katikati, nusu njano nusu bluu, kwa brashi ya nywele tatu. Tangu hapo watu wanauliza ni wangapi mtaani, wakihesabu wananitajia kumi na wawili. Nilinunua sita.

#15 Skrubu_Mlegevu
#14 hii ni kazi ya subira. Pongezi.

#16 BehewaLaTatu
Na maandishi? Kwenye picha ya mleta mada bango la duka linasomeka kinyumenyume. Hata kipofu wa vioo angeona.

#17 DadaGundi
Bango linaloonekana kiooni tu, andika kinyume, kama vile gari la wagonjwa linavyoandikwa usoni ili dereva wa mbele alisome kwenye kioo chake. Bango la ubavuni linaloonekana mara mbili ndilo gumu. Hapo chagua herufi zisizobadilika kiooni: A, H, I, M, O, T, U, V, W, X, Y. Kisha neno lisomeke sawa kutoka pande zote. Duka langu linaitwa UTU. Liangalieni kwenye kioo chochote.

#18 JuaLaUtosi
UTU! Nimeandika kwenye karatasi nikaenda nayo bafuni. Kweli kabisa. Hili naliiba.

#19 Pembetatu_90 (Kigali)
Mbona mnajitesa na mabango? Tumieni vioo viwili, vikutane kwa pembe ya digrii 90 kama kitabu kilichofunguliwa. Taswira ya pale kwenye kona haigeuki kushoto kulia. Maandishi yanasomeka, na bajaji inarudi upande wake wa sheria. Tatizo limekwisha.

#20 MamaPimaMaji
Halijaisha. Ni kweli kona ya digrii 90 inasomeka sawa, lakini ina tabia ya kurudisha mtazamo ulikotoka. Popote utakaposimama, kushoto au kulia, utajikuta wewe ndiwe uliye katikati ya kona. Mpwa wake ataliona jitu kila anapokwenda. Pia maungio ya vioo yanapita wima katikati ya mtaa, na pembe ikikosea hata kidogo taswira inapasuka mbili.

Mimi ningefanya kinyume: kioo kimoja, kigeuzwe kidogo kisitazamane na mtaa moja kwa moja. Ukikigeuza digrii 10, mtaa wa kiooni unapinda digrii 20. Mtaa unaopinda ni wa kawaida mjini, na mtazamo haumrudii mtu usoni. Kona ya jengo izibe ukingo mmoja, mwembe uzibe wa pili, na kivuko cha abiria cha juu kipite mbele ya ukingo wa juu. Kioo chochote ambacho jicho linapata ukingo wake kimeshakamatwa.

#21 Pembetatu_90
Nimekubali kuhusu jitu, dada. Ila kwa mabango nabaki palepale.

#22 KofiaYaKombeo (Muscat)
Salaam kutoka huku. Mnaozungumzia kuficha ukingo, mkubwa wenu ni John Allen wa Monterey, California. Reli yake ya mfano ya HO ilijaa vioo chini ya madaraja na nyuma ya majengo, na kwa kazi alikuwa mpiga picha. Inasikitisha kwamba moto uliiteketeza yote na yeye akafa kwa huzuni.

#23 Skrubu_Mlegevu
Mkuu #22, umepindua mpangilio. Alifariki kwanza, Januari 1973. Moto ulikuja siku chache baada ya hapo. Hakuona ikiungua.

#24 KofiaYaKombeo
Asante, nimesahihishwa. Hata hivyo hoja yangu ni kuwa alikuwa mpiga picha. Kamera ina jicho moja. Sisi tuna mawili, na macho mawili yanajua kioo ni kitu bapa. Ndiyo maana kwenye picha inadanganya na chumbani haidanganyi.

#25 MamaPimaMaji
Hapana, hapo sikubali. Macho mawili hayaoni bapa kiooni. Duka lililo sentimita 20 mbele ya kioo, taswira yake iko sentimita 20 nyuma yake, na macho yanajikunja kwa umbali huohuo. Hata kamera inabidi uilenge kwa jumla ya umbali wote: kutoka kwako hadi kwenye kioo, kisha kutoka kwenye kioo hadi kwenye duka. Ukilenga uso wa kioo utapata vumbi lake kali na mtaa wenye ukungu. Kilicho bapa kweli ni mchoro wa ukutani. Ukisogeza kichwa mchoro hausogei nawe. Kioo kinasogea, ndiyo raha yake.

#26 KofiaYaKombeo
Basi kwa nini picha hudanganya vizuri zaidi?

#27 JuaLaUtosi
Kwa sababu mpiga picha anachagua mahali pa kusimama. Mgeni wa chumbani anasimama anapotaka.

#28 KiooChaMvita
Au kwa sababu kwenye picha hamwoni ile taswira ya pili hafifu. Uso wa bilauri nao unarudisha mwanga kidogo, kama asilimia 4, mbele ya ule wa fedha. Chumbani ukitikisa kichwa, taswira mbili hizo zinaachana. Narudi kwenye unene, mtanisamehe.

#29 BehewaLaTatu
Ukimpa KiooChaMvita mgonjwa wa malaria atasema ni unene.

#30 KiooChaMvita
Na nitakuwa sahihi mara nyingi.

#31 RangiYaMbali (Kisumu)
Mimi naona achana na kioo. Mtaa upungue kadiri unavyokwenda: maduka ya mbele HO, ya nyuma kipimo cha N, 1 kwa 160, barabara ibane, kisha mchoro hafifu. Roma kuna ukumbi wa nguzo wa msanifu Borromini kwenye jumba la Palazzo Spada, wa karne ya 17. Una urefu usiozidi mita 9, lakini anayesimama mlangoni huona kama mara nne ya hapo. Sanamu ya mwisho inaonekana ya mtu mzima, kumbe ina sentimita 60. Hakuna kioo hata kimoja.

#32 TarumaLaMninga
Je, nikichanganya? Barabara ibane kuelekea kwenye kioo, halafu kioo kiendeleze?

#33 MamaPimaMaji
Kioo hakiendelezi, kinarudia. Ukiibana kuelekea kwenye kioo, kiooni itaanza kupanuka tena. Mtaa utapata kiuno cha nyigu. Chagua moja.

#34 PwaniChumvi (Lamu)
Nitoe onyo langu, si jibu la swali. Niligandisha kioo kwa silikoni ile yenye harufu ya siki. Baada ya miezi kadhaa yakatokea madoa meusi katikati, asidi ilikula rangi ya mgongoni. Tumia silikoni isiyo na asidi. Na hewa yetu ya chumvi inaanzia kingoni. Paka vanishi kingo zote kabla ya kusimamisha kioo.

#35 KiooChaMvita
Sahihi kabisa. Mteja wa pwani namwambia hivyo kila siku.

#36 KofiaYaKombeo
Nje ya mada: kwenye picha ya pili naona pua ya garimoshi kubwa. Garratt ya daraja la 59, lile la mvuke? Nilizipenda mno zile, zilikuwa 30, zikiitwa kwa majina ya milima.

#37 MzeeStoka
Zilikuwa 34, za kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester, miaka ya 1955 na 1956. Hakuna za mvuke kwenye reli ya mita moja duniani zilizozishinda ukubwa. Mount Gelai, namba 5918, ipo makumbusho ya reli Nairobi, nendeni mkaishike. Lakini kazi yake ilikuwa njia kuu ya Mombasa na Nairobi, na kila ekseli ilibeba kama tani 21. Mwanangu wa Tanga, inafanya nini kwako?

#38 TarumaLaMninga
Mzee, ni zawadi ya kaka yangu, siwezi kuiacha kabatini. Niruhusu.

#39 MzeeStoka
Ikae njia ya pembeni, isitembee. Nimeruhusu.

#40 TarumaLaMninga
Wakuu, mrejesho. Kioo sasa ni cha mili 2, kimenyooshwa kwa kadi tatu za vocha, kimegeuzwa digrii 8 hivi. Pale kwenye maungio nimechimba mtaro wa maji ya mvua wenye kifuniko cha zege, umekata barabara na kumeza ule ufa. Bajaji nimeiegesha chini ya mwembe, haielekei popote. Taa imehamia juu ya mstari wa kioo. Mwembe nimeugeuza tawi lililovunjika litazame kwangu, kiooni halionekani.

Jana jirani alikaa karibu dakika mbili akiuliza mtaa ule unatokea wapi. Nilifurahi sana. Kisha akaja shemeji, akasema palepale, "Kioo hicho." Nikamuuliza umejuaje. Akasema hajui, amejua tu.

#41 JuaLaUtosi
Shemeji alikuja saa ngapi? Dirisha lilikuwa wazi?

#42 DadaGundi
Muulize alitazama watu au alitazama maduka. Naona mtu wa mkokoteni bado ana shati lilelile pande zote.

#43 KiooChaMvita
Mili 2 bado ni mili 2. Kuna televisheni moja kubwa ya zamani, zile za mgongo mnene zenye projekta ndani, ipo kwa fundi hapa mtaani. Nyingi zina kioo kipana cha fedha usoni. Nitakwenda na kijiti cha kiberiti Jumamosi. Kikigusana ncha kwa ncha nitakukatia 9 kwa 14 na kukupakilia kwenye basi la Tanga.

#44 TarumaLaMninga
Nitalipia, na mpwa ndiye atakayekagua. Dada #42, mtu wa mkokoteni nampaka leo usiku. Shati la mbele liwe rangi gani?

#45 BehewaLaTatu
Njano. Na mgongoni muandike UTU.